Shingo Chini ya Mzigo

Miongoni mwa majina ya mahali yaliyosalia katika njia kuu ya zamani, ile iliyoanzia Bagamoyo ikakata Ugogo mpaka Unyanyembe na Ujiji, hakuna linalonishughulisha fikra kama Tura. Majina mengi ya njia ile yanatukumbusha mto, mti, mnyama au mtemi, lakini jina hili ni amri, na amri yenyewe ni ya rehema. Katika Kinyamwezi maana yake ni "tua", yaani weka chini ulichobeba; na Richard Burton, Mwingereza aliyepita hapo mwaka 1857 akielekea Kaze, ambako leo ni Tabora, aliiandika maana hiyo katika habari za safari yake. Msafara uliotoka pwani ulipofika Tura ulikuwa umekwisha kuvuka Mgunda Mkali, nyika kame iliyotenga Ugogo na Unyamwezi, yenye vijiji haba vya kununua chakula na isiyo na maji ya kutegemewa. Na msafara uliotoka magharibi ulikuwa umesimama mlangoni pa nyika hiyo hiyo. Wa huku na wa huko walikuwa na sababu ya kupumzika, na neno la kwanza walilostahili kuambiwa lilikuwa hilo moja.

Nimelitafakari jina hilo kwa muda mrefu, nalo limenifikisha katika swali ambalo kwa kulitazama juu juu ni la mwili tu, lakini mtu akilichimba hukuta mizizi yake imo katika dini na hikima: kiumbe aliyeumbwa na shingo inayogeuka ana haki gani pale anapowekewa kitu juu ya kichwa chake? Ni wakati gani mzigo huwa kazi yenye heshima, na ni wakati gani huwa dhulma, ijapokuwa uzito ni ule ule na njia ni ile ile?

Mpagazi wa siku zile alichukua kwa desturi ratili 60 au 70, karibu na frasila mbili, ambazo ni kilo 30 hivi kwa mizani ya leo, mbali na mkeka wake, chakula chake na silaha yake, kwa masafa ya kiasi cha kilomita 800 kutoka pwani hadi Unyanyembe. Watu wa pwani aghalabu waliuweka mzigo kichwani; Wanyamwezi aghalabu waliuweka begani, na mabega yao yakafanya sugu; na mzigo usiofaa kwa mtu mmoja ulifungwa katika mti ukachukuliwa na wawili, mmoja mbele na mwenziwe nyuma. Wachukuzi wa pembe za ndovu walikuwa na daraja ya juu katika msafara, wakifunga kengele katika ncha ya pembe ili mwendo wao usikike. Na mbele ya wote alitangulia kirangozi, amejivika ngozi ya mbega na manyoya ya ndege kichwani, akibeba mzigo ulio mwepesi kuliko ya wengi waliomfuata, kwa sababu kichwa cha kiongozi kilikuwa na kazi ya kutazama. Katika Unyamwezi kijana alijulikana kuwa mwanamume kwa safari ya pwani, na watoto walijizoeza mapema kwa kubeba begani vipembe vidogo.

Tazama basi namna mbili za kubeba zinavyoitendea shingo. Wa begani shingo yake ililazimika kuinama kando ili kuupisha mzigo. Wa kichwani shingo yake ililazimika kusimama wima kama nguzo ya nyumba, bila ya ruhusa ya kuinama wala kugeuka. Lugha yetu humsema mtu anayetenda jambo pasipo kupenda kuwa amelitenda shingo upande, na kila aliyepata kuweka gunia begani anajua kuwa msemo huo ni wa kweli katika mwili kabla ya kuwa wa kweli katika nia. Walakini Mnyamwezi aliyekwenda pwani kwa ujira uliopatanwa alikuwa na shingo upande mwilini, wala hakuwa nayo moyoni. Alipoona mzigo umezidishwa kupita desturi aliukataa. Alipodhulumiwa aliutua, akaondoka usiku pamoja na wenzake. Na mwenye msafara, hata awe tajiri wa namna gani, alibaki amekaa juu ya marobota yake ya nguo na magunia yake ya ushanga, hana la kufanya.

Mwaka mmoja, wakati wa kiangazi, nilifika Tura kwa gari moshi la reli ya kati, reli ile iliyofika Tabora mwaka 1912 na kuyachukua katika behewa zake yale yaliyokuwa yakichukuliwa kwa mabega na vichwa vya watu. Gari liliposimama, wauzaji walisogea chini ya madirisha na vitu vyao vichwani: asali katika chupa, kuku katika matenga, mihogo, maembe. Chini ya dirisha langu alisimama bibi mwenye beseni la karanga za kuchemsha. Nilipomwita aliniinulia macho, wala si uso. Kichwa kilibaki pale pale, kidevu sawasawa na ardhi, na mboni peke yake zikapanda, hata weupe wa jicho ukaonekana chini yake kama ukucha wa mwezi mwandamo. Nikamwuliza, "Shikamoo, bibi. Zimechemshwa leo?" Akasema, "Marahaba, mjukuu wangu. Za leo." Nikaomba anipunguzie bei. Akasema, "Haipungui, baba." Maneno yote mawili, la kukubali na la kukataa, yalitoka mdomoni tu, kichwa hakikuinama kwa lile la kwanza, wala hakikutikisika kwa lile la pili. Nilikuwa nimewaona wauzaji maelfu katika umri wangu, lakini sikupata kuliona jambo hilo mpaka siku ile.

Nilikuwa na jamaa wa kumzuru hapo, kwa hiyo nilishuka, na asubuhi ya pili nilimkuta bibi yule yule akienda kisimani. Nikamwomba anipe ndoo niichukue mimi katika kurudi. Akanitazama kwa kitambo, akaivua kanga ya begani, akaisokota ikawa ngata, ile ambayo watu wa pwani huiita kata, akaiweka utosini pangu na kuibonyeza kwa viganja viwili mpaka ikakaa. Akaweka majani mabichi juu ya maji ili yasiruke, kisha yeye akashika upande mmoja na kijana mmoja upande wa pili, wakanitwika. Akaniambia maneno machache tu: "Usitazame miguu. Miguu inaijua njia. Wewe tazama mbali."

Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji, uzito ambao mkononi hauna ajabu. Juu ya kichwa una hukumu nyingine. Hatua ya kwanza nilihisi shingo yangu imekuwa fupi. Hatua ya kumi nilijua kuwa sina tena mashariki wala magharibi, nina mbele tu. Mizizi ya mwembe iliyokatiza njia niliijua kwa nyayo. Mzee mmoja alinitolea salamu kutoka upande wa kushoto, nikamwitikia pasipo kumwona. Na nilipotaka kumtazama ilinibidi nigeuze miguu, kiuno na kifua kwa pamoja, kama mlango unaogeuzwa pamoja na miimo yake, na kabla sijamaliza kugeuka yeye alikuwa amekwisha kupita. Maji yalinishukia shavuni. Bibi, nyuma yangu, hakunicheka, alisema, "Pole, mjukuu wangu. Karibu tutafika."

Matabibu wanatufundisha kuwa shingo ya binadamu ina pingili saba, idadi ile ile aliyo nayo twiga kwa urefu wake wote, na kwamba kichwa chenyewe, kabla ya kuwekewa chochote, kina uzito wa kilo nne au tano. Pingili ya kwanza wameiita atlasi, kwa jina la jitu la hadithi za Wayunani lililobebeshwa mbingu. Baina ya fuvu na pingili hiyo ndipo kichwa kinapoinama kwa kukubali. Na baina ya pingili hiyo na ya pili ndipo kinapogeuka kulia na kushoto kwa kukataa, na kadiri ya nusu ya mgeuko wote wa shingo hutoka katika kiungo hicho kimoja. Kwa maneno mengine, Muumba ametia neno la ndiyo na neno la hapana katika mifupa miwili iliyopakana, juu kabisa ya uti wa mgongo, chini kidogo ya akili. Na mahali hapo hasa ndipo mzigo wa kichwani unapofunga. Aliyetwikwa hawezi kuinamisha kichwa akubali, wala hawezi kukigeuza akatae. Ndiyo yake na hapana yake, kama zilikuwapo, zilitangulia.

Wako wanaosema kwamba maneno haya ni ya mtu asiyezoea, na kwamba waliozoea hawaoni taabu. Elimu imelipima dai hilo. Mwaka 1986 wataalamu waliwapima wanawake wa Kenya, Wajaluo wanaobeba utosini na Wakikuyu wanaobeba mgongoni kwa ukanda uliopitishwa katika paji la uso, wakakuta kwamba mizigo ya hadi moja ya tano ya uzito wa mwili haikuwazidishia matumizi ya nguvu katika mwendo. Na habari hiyo ilistaajabisha dunia. Lakini mwaka 2010 wengine waliowapima wanawake wa Afrika Kusini hawakuikuta nafuu hiyo, walikuta maumivu, na maumivu ya shingo yakiwa katika yaliyolalamikiwa sana. Tena ukanda wa Wakikuyu uliwaachia wazee wa kike mfuo katika paji la uso usiofutika mpaka kaburini. Hata tukikubali kuwa mazoea hupunguza pumzi inayotumika, hayampi mtu shingo ya pili. Ustadi wa mbebaji ni sifa yake yeye. Kuufanya ustadi huo kuwa hoja ya kumzidishia mzigo ni kumwibia sifa hiyo.

Sasa na tuyarudishe macho katika njia ile ya zamani, kwa maana haikupitwa na wapagazi wa ujira peke yao. Walipita humo pia watu waliovishwa kongwa, mti wenye panda ambao shingo huingizwa katikati ya pembe zake na nyuma ikafungwa isichomoke. Na walipita waliofungwa shingo kwa shingo katika mnyororo mmoja, wengine wakiwa na mzigo juu ya yote hayo. Wala mpaka baina ya makundi mawili haukuwa safi, kwa sababu hata miongoni mwa wapagazi wa pwani walikuwamo watumwa waliokodishwa, na mabwana zao wakila sehemu ya ujira wao. Na baada ya utumwa wa makongwa ukaja utumwa mwingine wa amri: katika Vita Kuu ya Kwanza wanaume kwa mamia ya maelfu walitwikwa mizigo ya majeshi yasiyo yao, wakafa njiani kwa maradhi na njaa maelfu kwa maelfu, majeshi ya Wabelgiji yaliyoiteka Tabora mwezi wa Septemba 1916 yalifika kwa migongo ya wachukuzi, na jina la Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya kikosi cha wachukuzi wa Waingereza. Sheria ya kuufuta utumwa Tanganyika haikutoka mpaka mwaka 1922.

Mtu akimtazama kwa mbali mpagazi wa hiari na mtumwa wa kongwa, wote wawili shingo zao zimekakamaa, wote hawageuki, wote wanatazama mbele. Tofauti ni ipi? Katika kuitafuta nimeona kuwa Kitabu kitukufu kimelitaja suala la shingo mara nyingi kuliko nilivyodhani. Sura ya Yasin inapotaka kuonyesha hali ya waliofungika wasiifikie haki, inawasawiri kama watu waliovishwa pingu za shingo zinazofika videvuni, vichwa vikabaki vimeinuka pasipo uwezo wa kuinama, na kizuizi mbele yao na nyuma yao. Sura ya Al-Balad inapoieleza njia ya mlima ambayo mja hana budi kuipanda, tendo la kwanza inalolihesabu ni kufungua shingo, na wanazuoni wengi wamefahamu kuwa muradi wake ni kumwacha huru mtumwa. Kwani katika Kiarabu shingo ni jina la mtumwa mwenyewe, kiungo kikasimama mahali pa mtu mzima. Na Sura ya Al-Ahzab, inapozungumzia amana, inatuhadithia kuwa mbingu, ardhi na milima vilionyeshwa amana hiyo vikaiogopa na kukataa kuibeba, akaibeba mwanadamu.

Katika habari hii ya mwisho ndimo nimeona jibu langu. Mwenye uwezo wa kuamrisha mlima ukaenda hakuutwika mlima. Aliuonyesha mzigo, na mlima ukaachiwa nafasi ya kusema hapana. Ikiwa mzigo mkubwa kuliko yote ulitanguliwa na kuonyeshwa, basi nani kati yetu amepata ruhusa ya kumtwika mwenziwe kabla ya kumwuliza? Huo ndio mpaka wa kwanza baina ya mzigo na kongwa: mzigo halali huwekwa juu ya shingo ambayo dakika moja kabla ilikuwa huru kutikisika. Na mpaka wa pili uko mwisho wa njia: mzigo halali una mahali pa kutuliwa panapojulikana tangu mwanzo, kiasi kwamba mbebaji huyavumilia mapito ya katikati kwa kuwa anajua shingo yake atarudishiwa. Mpagazi alikuwa na Tura yake. Mwenye kongwa alikuwa na njia tu.

Najua kuwa mtu mwenye insafu atanipinga, na hoja yake ni nzito. Atasema: je, njaa si kongwa? Bibi yule wa beseni aliulizwa na nani? Aliamka, akaiona nyumba haina chumvi, akajitwika mwenyewe. Utasema amekubali kwa hiari? Sina ujasiri wa kusema hivyo. Aliyechagua baina ya mzigo na watoto kulala njaa amechagua kama anavyochagua mtu aliye kati ya moto na maji. Lakini hoja hii haiubomoi mpaka niliouweka. Inauongezea wajibu, na wajibu wenyewe unatuangukia sisi tulio dirishani. Ikiwa hapana ya mwenzetu imenyamazishwa na haja, basi ni juu yetu tunaonufaika na shingo yake kuisema kwa niaba yake: kisima kisogezwe karibu, ujira utoshe, ndoo ya mtoto iwe ya mtoto, na bei ya karanga isiombewe punguzo na mtu aliyeshiba.

Kwa ajili hiyo methali zetu mbili zinanifanya niwe na hadhari. Ya kwanza yasema, mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Ilizaliwa katika sifa ya kweli, na watu wa Tabora wana haki ya kuipokea kwa fahari. Lakini neno "mpe" halina ndani yake swali, na sifa isiyouliza ni rahisi kugeuka kuwa amri. Ya pili ndiyo dawa ya ile ya kwanza, nayo yasema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Haitwambii kuwa mzigo wake ni mwepesi, inatwambia kwamba jicho letu lina chongo. Na aliyeambiwa kuwa jicho lake lina kasoro hana budi kusogea karibu ili aone.

Kusogea huko kuna namna yake katika lugha na adabu zetu. Kiswahili hakikutosheka na neno la kubeba. Kina kutwika na kina kutua, na kutwika kwa mzigo uliojaa ni kazi ya mtu wa pili, kwani aliye peke yake hawezi kwa urahisi kuifikisha ndoo iliyojaa utosini pake isimwagike. Aghalabu mzigo kama huo tunaouona ukipita peke yake njiani una mikono ya mwingine mwanzoni mwake, na unangoja mikono ya mwingine mwishoni. Mtume, sala na salamu zimfikie, alifundisha kuwa kumsaidia mtu kupanda juu ya mnyama wake, au kumpandishia mizigo yake juu yake, ni sadaka. Na nadhani thawabu ya kumshusha aliye yeye mwenyewe mnyama na mpanda mnyama haitakuwa ndogo. Tulipofika nyumbani kwa bibi, mjukuu wake wa kike, wa miaka minane hivi, alitoka mbio pasipo kuitwa, akapanda juu ya kinu kilicholazwa, akashika ukingo wa ndoo pamoja na nyanya yake, wakanitua. Nikasikia shingo ikirefuka. Upepo ukapita mahali palipokuwa na ngata, na jasho la hapo likapoa.

Alasiri ile tulisali chini ya mwembe, safu moja fupi juu ya mkeka, kwa kuwa jua lilikuwa bado kali na kivuli kilikuwa hapo. Shingo iliniuma katika rukuu na katika sijida, nami nikaona kwa mara ya kwanza ni kiasi gani ibada hii imejengwa juu ya kiungo hiki: huinama, huweka paji la uso chini kwa kupenda pasipo kusukumwa na kitu chochote kutoka juu, huinuka tena, na ikiisha kazi yote mja hatoki isipokuwa kwa kuigeuza shingo yake, kuume kisha kushoto, awape amani waliomo pande zote mbili. Mwenye mzigo kichwani hawezi kuufunga mlango huo wa sala. Ni lazima atue kwanza.

Nikatoa salamu kuume, ikaniuma. Nikatoa salamu kushoto, polepole, mpaka shingo ikafika mwisho wa mgeuko wake. Na katika upande ule alikuwa ameketi mzee mwenye ndevu nyeupe na kofia ya kiua, ambaye sauti yake niliijua mara moja, kwa kuwa ndiye aliyeniamkia asubuhi njiani nikashindwa kumwona. Alinipa mkono.

"Umetua, mjukuu wangu?"

"Nimetua, babu."